Msiba Usikubadilishie Jina

UJUMBE WA JUMAPILI
Andiko la kusoma: Ruthu 1:1–22 na Ruthu 4:13–17

 

Fungua Biblia yako kitabu cha Ruthu. Ni kitabu kidogo, sura 4 tu. Ukikaa chini na chai yako unakimaliza kabla kikombe hakijapoa. Wayahudi hukisoma wakati wa Sikukuu ya Majuma, ile ambayo sisi tunaiita Pentekoste. Kwa hivyo watu wa Pentekoste, hiki ni kitabu chetu kabisa. Amina?

Wengi wetu tumezoea kukisikia kwa harusi. Mhubiri anasimama, anawaambia maharusi habari za Ruthu na Boazi, watu wanapiga vigelegele, tunaenda kula pilau. Ni sawa. Lakini leo nataka tumwache bibi harusi kidogo, tumwangalie yule mama mkwe. Naomi. Kwa sababu kitabu kinaanza na machozi yake na kinaisha na mtoto kwenye mapaja yake, na katikati hapo kuna neno la mtu aliyepoteza kila kitu akiwa amekwisha kupita ujana.

Najua mko hapa. Hata kama umevaa vizuri na umeimba kwa nguvu asubuhi hii, najua uko hapa.

1. ILIANZA NA NJAA

Mstari wa kwanza tu, njaa imeingia katika nchi. Jina Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, lakini nyumba ya mkate ilikosa mkate. Elimeleki akamchukua mke wake Naomi na vijana wao wawili, Maloni na Kilioni, wakahamia Moabu kutafuta maisha.

Sasa, mtu wa Isiolo anahitaji kuelezewa hapo? Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikataa misimu 5, moja baada ya nyingine. Wataalamu walisema ukame wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana kwa miaka 40. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akautangaza kuwa janga la kitaifa. Kabla haujaisha, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika kaunti zetu kame. Wewe hukusoma hiyo kwa gazeti. Uliona mizoga kando ya barabara. Ulisikia harufu.

Halafu 2023 mvua ikarudi. Nyasi zikaota. Watu wa mbali wakasema, asante Mungu, shida imekwisha. Lakini nyasi ziliota na ng'ombe hawakuwepo wa kuzila. Mzee aliyekuwa na mifugo mingi akabaki na fimbo mkononi. Mwingine leo anafanya kazi ya usoja wa usiku hapa mjini, mwingine anasukuma mkokoteni sokoni. Na watu wakimuuliza habari, anasema, "Nzuri tu."

Naomi naye, njaa ilikuwa mwanzo tu. Kule Moabu Elimeleki akafa. Akabaki na vijana wake, wakaoa, wakakaa kama miaka 10. Halafu Maloni akafa. Kilioni akafa. Msiba hauna adabu ya kupanga foleni, wapendwa. Hausemi, ngoja huyu amalize kulia ndipo niingie. Kuna watu hapa walizika mara mbili kwa mwaka mmoja, na katikati ya hapo kazi ikaisha.

2. JINA LINAPOKUFA PAMOJA NA MALI

Naomi anarudi Bethlehemu. Mji mzima unashtuka. Akina mama wanaulizana kama kweli huyu ni Naomi. Tazama jibu lake katika Ruthu 1:20. Anawakataza wasimwite tena Naomi, jina lenye maana ya kupendeza. Anataka wamwite Mara, yaani uchungu.

Sikiza hapo vizuri. Huyu mama hajasema tu kwamba ana uchungu. Amesema kwamba yeye ndiye uchungu. Msiba ulichukua mume, ukachukua watoto, sasa unataka kuchukua jina lake pia.

Na hiyo ndiyo kazi ya pili ya msiba. Kazi ya kwanza ni kuchukua kitu chako, na hiyo kila mtu anaiona. Watu wanakuja na sukari na unga, wanachanga, wanazika, wanaenda. Kazi ya pili inafanyika kimyakimya, baada ya wageni kurudi kwao. Inakuuliza usiku, "Sasa wewe ni nani?"

Ndugu zetu Waturkana wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Kwa mila yao mwanamume ana dume lake analolipenda kuliko mengine, analiimbia, na yeye mwenyewe anaitwa kwa jina linalotoka kwa lile dume. Sasa dume likilala chini kwa ukame lisiamke, huyo mwanamume ataitwaje?

Usifikiri ni wafugaji peke yao. Mji wetu una kambi za jeshi. Kuna ndugu aliyeitwa "Afande" miaka 20. Akitembea watu wanasimama. Siku moja akarudisha sare, akapewa barua na mkono wa heri, na bado ana nguvu mwilini. Jumatatu asubuhi ameamka saa kumi na moja kama kawaida, ameng'arisha viatu, halafu akakumbuka hakuna pa kwenda. Kuna aliyeitwa "Mwalimu" maisha yake yote, sasa amefika miaka 60 na ofisi imemwambia kwaheri. Kuna mama ambaye watoto wake wote wametoka nyumbani, na ile sufuria kubwa imekaa juu ya kabati haishuki. Ameangalia kioo, ameona mvi, amejiuliza, "Kwani kazi yangu imeisha?"

Na kuna jambo zito kuliko hayo. Hapa kwetu tunamwita mwanamke kwa jina la mtoto wake. Mama fulani. Mtoto huyo akizikwa, sisi tutamwita mama yake nani? Wengi tunanyamaza. Tunampita kwa mbali kwa sababu hatujui tumwiteje. Na yeye anaona tukimpita.

3. NAOMI ALISEMA, NA MUNGU HAKUMKEMEA

Ruthu 1:21. Naomi anawaambia kwamba alitoka amejaa, na Bwana amemrudisha mtupu. Hayo ni maneno makali. Kama angeyasema kwa ibada zetu nyingine, si angeitiwa maombi ya kufukuza roho ya manung'uniko? Angeambiwa, "Mama, kiri ushindi! Usikiri kushindwa!"

Lakini soma sura zote 4. Hakuna mahali Mungu anamkemea Naomi kwa kusema vile. Hakuna nabii anayetumwa kumfunga mdomo. Na Roho Mtakatifu akahakikisha maneno hayo yameandikwa, yakahifadhiwa, tukapewa sisi tuyasome kanisani.

Kwa hivyo somo la kwanza ni hili: huzuni si dhambi. Yesu mwenyewe alilia kwa kaburi la Lazaro, na alikuwa anajua kabisa kwamba baada ya dakika chache atamfufua. Yohana 11, kaisome. Kama aliyejua mwisho wa hadithi alilia, wewe usiyejua utaambiwaje usilie?

Wanaume, hapa naongea na nyinyi. Tumefundishwa kwamba mwanamume halii. Machozi yakifungiwa ndani hayapotei, yanatafuta mlango mwingine. Yanatokea kama hasira kwa mke. Yanatokea kama kiboko kwa mtoto aliyemwaga maziwa kidogo tu. Yanatokea kama chupa. Mtu anasema anakunywa kwa sababu anapenda pombe, na ukweli ni kwamba anakunywa kwa sababu usiku ni mrefu. Afadhali ulie mbele ya Mungu kama Naomi kuliko kunyamaza mbele ya watu na kubomoa nyumba yako.

4. ALIYESEMA NI MTUPU ALIKUWA NA MTU KANDO YAKE

Sasa mwambie jirani yako, "Angalia kando." Mwambie tena.

Wakati Naomi anasema amerudi mtupu, nani alikuwa amesimama pale pale? Ruthu! Msichana aliyeacha watu wake na nchi yake, ametembea naye barabara yote kutoka Moabu. Amesimama hapo na mavumbi miguuni, anasikia mama mkwe wake akiutangazia mji kwamba hana kitu.

Mimi simlaumu Naomi. Huzuni inafanya hivyo. Inakuonyesha kiti kilicho wazi mezani, inakuficha viti vilivyokaliwa. Baba amepoteza ng'ombe, lakini ana binti darasa la 8 anayemngoja jioni amuonyeshe daftari. Mama amempoteza mume, lakini kuna dada mmoja kanisani anapitia kwake kila Alhamisi, hasemi mengi, anateka maji, anaosha vyombo, anaenda. Huyo ndiye Ruthu wako. Hajaja kuziba pengo la aliyekufa, maana hakuna anayeweza. Amekuja ili usikae na pengo hilo peke yako.

5. BIBLIA HAIKUMWITA MARA HATA MARA MOJA

Hapa ndipo ujumbe wenyewe. Kama umesinzia, amka.

Naomi amesema katika 1:20 aitwe Mara. Enda mstari wa 22, mistari miwili tu mbele. Mwandishi anasema nani alirudi? Anasema Naomi. Sura ya 2 mstari wa 1, Naomi. Sura ya 3, Naomi. Sura ya 4, Naomi. Lile jina Mara halitokei tena katika kitabu chote. Alilisema mwenyewe mara moja, akasikilizwa, hakukemewa, lakini mbinguni halikuandikishwa!

Unaona neema hiyo? Mungu aliruhusu Naomi alie maneno yake yote, lakini hakukubali jina hilo. Ni kama mzazi ambaye mtoto wake analia anasema, "Mimi sina maana, mimi ni bure." Mzazi mwenye hekima hampigi kofi. Anamkumbatia, anamsikiliza mpaka amalize, halafu anamwita kwa jina lake, "Njoo ule."

Kwa hivyo tofautisha. "Nimefilisika" ni jambo lililokupata. "Mimi ni bure" ni jina. "Nimeachwa" ni jambo lililokupata. "Mimi ni wa kuachwa" ni jina. "Mwanangu amekufa" ni jambo, na ni jambo zito, lilie. "Mimi ni mama aliyelaaniwa" ni jina, na Mungu hajakupa. Likatae! Heshima yako haikutoka kwa zizi wala kwa cheo mabegani. Kabla Adamu hajalima shamba hata moja, Mwanzo 1:27 inasema alikuwa tayari ni mfano wa Mungu. Alipewa thamani kwanza, kazi ikafuata.

6. NAOMI ALIINUKAJE?

Sasa mtu ataniuliza, "Mchungaji, nimesikia. Kesho asubuhi nifanye nini?" Naomi hakuinuka kwa siku moja wala kwa kuwekewa mikono mara moja. Tazama hatua zake.

Alirudi karibu na watu wake. Alisikia kwamba Bwana amewapa watu wake chakula, akaondoka Moabu. Usikae Moabu na msiba wako. Rudi kwa watu, hata kama utaingia ibadani ukiwa umechelewa na ukae kiti cha nyuma kabisa.

Alikula na akapumzika. Sura ya 2 yote Naomi haendi shambani. Ruthu ndiye anayeenda kuokota masuke ya shayiri nyuma ya wavunaji, na jioni anarudi na efa moja, inakaribia debe. Na zaidi ya hiyo anamtolea Naomi chakula alichobakisha cha mchana. Kumbuka Eliya pia, 1 Wafalme 19. Eliya alipoomba afe chini ya mti, malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate na maji. Akamwacha alale. Akarudi na chakula tena. Maneno yalikuja baadaye. Mwili wenye njaa na usingizi wa wiki tatu hauwezi kubeba mahubiri marefu.

Alikubali kazi ndogo. Kuokota masuke ilikuwa kazi ya maskini, na hii ilikuwa familia iliyotoka mji huo ikiwa na shamba. Hapa kwetu tuna historia. Baada ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wakati ambao wazee Waborana wa Waso wanauita Gaf Daba, familia nyingi zilibaki bila mifugo kabisa. Wengine wakapewa vipande vya shamba la kumwagilia maji kule Malka Daka na Gafarsa. Fikiria mfugaji mtu mzima, hajawahi kushika jembe, na kwa mfugaji jembe ni kama kushushwa cheo. Lakini mahindi yale yalilisha watoto. Na leo hapa mjini waone akina mama wa Anolei na maziwa yao ya ngamia, yanapanda basi kila siku kwenda Nairobi mpaka Eastleigh. Wengi wao ni majirani zetu Waislamu, na tunaweza kujifunza kwao: kama huna zizi kubwa, bado kuna mtungi wa maziwa. Usidharau mwanzo mdogo.

Alikubali msaada wa ukoo. Naomi aliposikia jina la Boazi, akakumbuka kwamba ni jamaa wa karibu, mwenye wajibu wa kukomboa. Waborana wana desturi yao ya busa gonofa, ambapo ukoo unachangia mifugo kumwinua aliyepoteza yake. Watu wa Biblia walikuwa na jambo linalofanana na hilo. Mungu ameweka msaada ndani ya ukoo na ndani ya kanisa, lakini kiburi kinasema, "Mimi siwezi kuomba." Ndugu, Naomi aliomba.

Halafu akaanza kumwelekeza mwingine. Hapo ni sura ya 3. Yule mama aliyesema ni mtupu sasa anamkalisha Ruthu chini na kumpangia hatua za maisha yake, moja baada ya nyingine. Siku hizi watu mjini wanalipa pesa kwa kocha wa maisha. Naomi alikuwa kocha kabla jina hilo halijazaliwa! Ujuzi wako haukufa na ng'ombe. Mzee, unajua kusoma mawingu, unajua dawa za mifugo, unajua kupatanisha watu wawili waliogombana kwa kisima. Afande, unajua nidhamu, na kuna vijana wa bodaboda pale stendi hawana wa kuwafundisha. Mama uliyezika, kuna mwingine amezika juzi, na wewe ndiye unajua usiku wa tatu ulivyo.

Lakini angalia mpangilio. Naomi hakuwa kocha katika sura ya 1. Kati ya sura ya 1 na ya 3 kulikuwa na mavuno yote ya shayiri na ya ngano, wiki nyingi. Usimsukume mtu aanze kufundisha wengine wakati bado anatokwa na damu.

7. MAOMBI NA USHAURI NASAHA

Kuna watu wanafikiri kwenda kwa mshauri ni kukosa imani. Ukivunjika mguu, tunakuombea na tunakupeleka hospitali. Kwa nini moyo ukivunjika tunakuombea tu na tunakuacha uchechemee? Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na mshauri wa kweli amesomea kazi hiyo na kusajiliwa. Una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa. Mshauri mzuri anasikiliza kuliko anavyoongea, na siri yako haipeleki sokoni. Na mtu akikwambia utoe mbegu ya elfu kadhaa ndipo huzuni itoke, kaa na pesa yako.

Kama wiki zinapita na hulali, huli, hujiogeshi, huoni sababu ya kuamka, usingoje Jumapili. Nenda hospitali umwambie daktari ukweli, akuelekeze. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure, unaongea na mtu anayekusikiliza.

Na sasa naongea taratibu. Kama kuna mtu hapa amefikiria kujiua, hata jana usiku, sikufukuzi na sikuhukumu. Eliya aliomba kufa, na Mungu hakumtupa. Watu wengi waliogopa kusema kwa sababu sheria ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinaenda kinyume na Katiba. Ikiwa mahakama imeelewa kwamba mtu huyo anahitaji msaada, kanisa litakuwa la mwisho kuelewa? Leo, kabla hujatoka kwenye uwanja huu, mshike mtu mmoja unayemwamini umwambie. Mtu mmoja tu. Na wewe utakayeambiwa, usikimbie kuhubiri. Kaa naye. Usimwache peke yake. Tafuteni msaada pamoja, siku hiyo hiyo.

8. KWA SISI TUNAOTEMBEA NA NAOMI

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, Ayubu 2:13. Hiyo ndiyo kazi nzuri pekee waliyofanya. Walipofungua midomo wakaharibu.

Kwa hivyo acheni kumwambia mfiwa, "Mungu alimpenda zaidi." Acheni kumwambia mama aliyezika, "Utapata mwingine." Tunapenda kuhubiri kwamba Ayubu alirudishiwa mara mbili. Ni kweli, ngamia walikuwa 3,000 wakawa 6,000. Lakini wale watoto 10 wa kwanza hawakutoka kaburini, na hakuna mzazi hapa anayehesabu watoto kama ngamia. Usimpe mtu hesabu. Mpe uji. Mlipie bodaboda. Lichunge boma lake siku mbili alale. Na mwite kwa jina lake. Yule mama aliyezika mtoto, bado ni mama wa yule mtoto. Mwite hivyo, kama anapenda. Usimfute mtoto wake kwa sababu wewe unaogopa machozi.

9. MWISHO WA HADITHI

Ruthu 4. Mtoto amezaliwa. Naomi anampakata, anakuwa mlezi wake. Na tazama wanaosema ni nani: akina mama majirani, wale wale wa mji ule uliomsikia akijiita Mara. Sasa wanatangaza kwamba Naomi amepata mtoto. Naomi! Hawakulishika lile jina la uchungu. Walimtunzia jina lake la kweli mpaka siku alipoweza kulibeba tena. Kanisa, hiyo ndiyo kazi yetu. Mtu akisahau jina lake, sisi tumkumbukie.

Elimeleki hakurudi. Maloni hakurudi. Kilioni hakurudi. Naomi alimpakata Obedi na nadhani bado kulikuwa na siku alilia. Mungu hakufuta msiba wake, alimfungulia maisha mbele ya msiba. Na mtoto yule Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi, na katika ukoo huo, Mathayo 1, akaja Yesu Kristo. Yule mama aliyefikiri hadithi yake imekwisha, alikuwa anamlea babu wa mfalme na hakujua.

Hata wewe hujui unamlea nani. Haleluya!

TUOMBE

Baba, wako hapa waliopoteza mifugo, waliopoteza kazi, waliozika. Unawajua mmoja mmoja kwa majina yao. Pokea kilio chao, usiwafunge midomo. Jina lolote ambalo huzuni imewapa na wewe hukuwapa, lianguke leo. Wape Ruthu wa kutembea nao, wape chakula na usingizi, wape kazi ndogo ya kuanzia. Na sisi kanisa utufundishe kunyamaza, kubeba na kukumbuka. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI WIKI HII

1. Ni jina gani ambalo msiba au mabadiliko yamejaribu kukupa? Sema kama uko tayari. Kama hauko tayari, sikiza tu.
2. Ruthu wako ni nani? Je, umewahi kumshukuru?
3. Taja mtu mmoja wa mtaa wenu aliyepoteza mifugo, kazi au mpendwa. Kikundi kitamfanyia nini kabla ya Jumapili ijayo? Amueni jambo moja, na mpange nani atalifanya na siku gani.